Unga, Maharage na Mablanketi

Lilikuwa moja ya yale maswali ambayo mwalimu wa Jiografia huyatunga huku anasinzia. Unampa mwanafunzi kipande cha ramani, unamwambia aeleze "relief" ya eneo hilo. Nilitegemea niambiwe milima, mabonde, miteremko, kaskazini kumeinuka na kusini ni tambarare. Kijana mmoja wa kidato cha pili akanijibu, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwamba "relief" ya eneo hilo ni unga, maharage na mablanketi, lakini havitoshi.

Hiyo ni 2012, mwaka wangu wa pili kazini, katika shule ya kata wilayani Kilosa. Niliweka alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu, nikaandika sifuri, halafu nikasimama katikati ya ofisi ya walimu nikawasomea wenzangu jibu lile kwa sauti. Tulicheka sana. Mwenzetu wa Kemia ilibidi aweke chini kikombe cha chai.

Nilipogawa karatasi, kijana alinifuata nje ya darasa.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Sema."

"Hapa nimekosa nini?"

"Hukusoma swali."

"Nimesoma, madam. Nikaangalia na kamusi. Imeandikwa nafuu, msaada. Na msaada tulipewa, mimi nilikuwepo. Blanketi tulipata moja, nyumbani tuko saba."

Mtu wa Kilosa hahitaji kuelezwa zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2009 kuingia Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukaingia kwenye makazi ya watu, ukabeba reli ya kati upande wa kwenda Gulwe, na familia nyingi zikaishia kwenye mahema. Kijana huyu alianza darasa la saba akiwa anaishi hemani. Alichofanya kwenye mtihani wangu ni kile kile nilichokuwa nawaimbia kila siku: ukikutana na neno gumu, fungua kamusi. Alifungua. Kamusi haikumwambia kwamba watu wa Jiografia wamelichukua neno hilo wakalipa kazi yao, na mwalimu wake wa Jiografia naye hakumwambia. Nilikuwa nimelitamka mara ishirini darasani, nikaliandika ubaoni, wakalikopi. Sikuwahi kusimama dakika mbili nikasema: jamani, neno hili hapa kwetu si msaada, ni sura ya nchi, jinsi ardhi ilivyopanda na kushuka.

Sikumwomba msamaha siku ile. Nilimwambia "nenda darasani", kwa sababu sikuwa na la kusema.

Jioni nikaanza kupekua rundo lote upya, safari hii sitafuti alama, natafuta nini kilisomwa. Swali la mto lilikuwa na aibu zake. "Mouth" ya mto, yaani pale mto unapoishia baharini au ziwani, walioijua walikuwa wachache, wengine wameandika mahali watu wanapochotea maji ya kunywa. Mmoja aliulizwa kuhusu "load", yaani mchanga na udongo unaobebwa na mto, akazungumzia punda. "Bank", ambayo kwa mto ni ukingo, sitasema, mnaweza kukisia wenyewe, na kuna aliyeweka hata mlinzi. Vituko hivi ukivitazama mara ya pili havichekeshi tena, kwa kuwa kila kimoja kina akili ndani yake. Watoto walikuwa wanatumia maana pekee ya neno waliyokuwa nayo.

Nikafanya jambo moja la kujaribu. Kipindi kilichofuata sikuandika kitu. Niliwauliza kwa mdomo, kwa Kiswahili: mto unapokata kona, upande gani unakula udongo na upande gani unaacha mchanga? Darasa zima likataka kusema kwa pamoja. Kijana mmoja wa Kiparakuyo, jamii ya wafugaji, ambaye kwenye mtihani alipata alama sita kati ya hamsini, akaeleza kwamba ng'ombe huwavushi upande wa nje wa kona, maji yamechimba, utawapoteza ndama. Unawavusha pale mchanga ulipolala, kwa sababu maji yanapita ndani ya kona yamechoka. Maji yamechoka! Kurasa mbili za kitabu cha kiada zilikuwa zinatafuta kusema hivyo hivyo.

Kwa hiyo Jiografia walikuwa nayo. Kilichokuwa kinawaangusha ni karatasi.

Kwa wasiosoma Tanzania, hali miaka hiyo ilikuwa hivi. Mtoto alisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo kama masomo mengine. Aliingia kidato cha kwanza, akapewa kozi fupi ya kumzoesha Kiingereza, ya wiki chache, na baada ya hapo Biolojia, Historia, Hesabu na kila kitu isipokuwa Kiswahili viligeuka Kiingereza. Mjadala wa jambo hili ni mkubwa kunizidi. Tume ya Makweta, ile tume ya Rais ya elimu, ilipendekeza mwaka 1982 sekondari zihamie kwenye Kiswahili, haikutekelezwa. Sera ya Elimu ya 2014 nayo iliandika kuwa Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, na sisi tuko palepale na chaki zetu. Nina msimamo wangu kuhusu hilo na sitauficha: ningefundisha mito kwa Kiswahili kesho asubuhi. Lakini yule kijana alikuwa na mtihani wa Taifa Novemba, wala usingengoja sera itekelezwe. Na nilikuja kugundua kwamba hata siku tukihama, kazi ninayoisimulia hapa haitaondoka. Nitaonyesha kwa nini.

Februari 2013 yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia. Zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata daraja sifuri, yaani walifeli. Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, kwenye daladala na vijiweni watu wakawa wanazungumzia walimu tu. Ofisini kwetu lawama ilikuwa na anwani moja: mwalimu wa Kiingereza. "Ungewafundisha lugha, sisi tungefundisha masomo." Mama wa watu alikuwa na vipindi ishirini na nane kwa wiki. Siku moja alichoka, akatujibu: "Hilo neno lenu la 'relief' liko kwenye silabasi yangu? Photosynthesis iko kwenye silabasi yangu? Mimi nafundisha barua ya kuomba kazi na hadithi. Maneno yenu fundisheni wenyewe."

Alikuwa sahihi, na palikuwa kimya.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa baya, naomba nilieleze kirefu kwa kuwa naona walimu wengi wanaanzia hapo. Niliamua tusome kitabu darasani kwa sauti, kwa zamu, aya moja moja. Vitabu vilikuwa kimoja kwa wanafunzi sita. Ilifika zamu ya binti mmoja wa kidato cha kwanza, dawati la tatu upande wa dirisha. Nilimchagua kwa makusudi, niseme ukweli, kwa sababu nilitaka darasa lisikie usomaji mzuri. Daftari lake lilikuwa maarufu shuleni. Mwandiko umenyooka kama uliopigwa rula, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, michoro imetiwa rangi. Ukaguzi ukija, daftari lake ndilo mwalimu wa taaluma, yule anayesimamia masomo shuleni, alikuwa analiweka juu ya rundo.

Akasimama. Akashika kitabu. Kimya. Nikadhani ni aibu, nikamwambia "endelea, usiogope". Midomo ikacheza. Wa nyuma wakaanza kucheka, nikawakemea, wakacheka kwa chini chini. Mwishowe akakaa bila ruhusa, akalaza kichwa juu ya dawati. Siku tatu hakuonekana kwenye kipindi changu.

Binti yule hakuwa anasoma. Alikuwa anachora. Monita akiandika madesa ubaoni, yeye anayahamisha herufi kwa herufi, kwa uangalifu wa mtu anayenakili ushanga. Nilipompa baadaye ukurasa wa hadithi ya Kiswahili tukiwa wawili tu, alisoma kwa kuunganisha silabi, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshampotea. Alifaulu vipi darasa la saba? Mwaka wake, 2012, mtihani ulikuwa wa kuchagua jibu na kusiliba herufi yake. Mtu anaweza kusiliba bila kusoma, na akiwa na bahati kidogo anavuka. Tangu siku ile sina imani na daftari safi. Vilevile niliacha kabisa kumsimamisha mtoto asome kwa sauti kitu ambacho hajakipitia kimyakimya kwanza. Anayesoma vizuri hapati faida, asiyejua anaaibika, na darasa zima linangoja likiwa halisomi chochote.

Kilichokuja kufanya kazi kilikuwa kidogo mno, hata kukisimulia naona soni.

Niliacha kuandika notisi ndefu. Badala yake nikawa naleta aya moja, mistari sita au saba, imeandikwa kwa maka penye karatasi ya manila ili wote waione. Kabla hawajaisoma, tunazungumza kwa Kiswahili: leo ni habari ya mto ukiwa mlimani, mnadhani unafanya nini? Wanabishana. Kisha dakika tatu za kusoma kimya, kila mtu anaandika pembeni neno moja linalomsumbua, moja tu. Maneno yanakusanywa. Hapo ndipo zile "bank" na "load" zilipata heshima yao. Tuliweka ukutani karatasi tuliyoiita Maneno Yenye Sura Mbili: upande mmoja maana ya mtaani, upande wa pili maana ya somo. La kwanza kabisa kwenye orodha lilikuwa "relief", na aliyeliandika ni yule kijana wa mablanketi. Yeye mwenyewe aliomba maka.

Baada ya kusoma, mwisho wa kila kipindi, sentensi tatu. Nini kinatokea, kwa nini, na unajuaje. Kidato cha kwanza waliandika kwa Kiswahili mpaka Juni, halafu moja ya tatu kwa Kiingereza, halafu mbili. Kuna mwenzangu aliniambia navunja utaratibu. Labda. Mtu asiyeweza kuandika sababu kwa lugha anayoiota usiku, sijui ataiandikaje kwa lugha anayoikuta ubaoni.

Nakumbuka siku tulipokwenda mtoni. Ilikuwa Septemba, Mkondoa umekonda, unavukika kwa miguu. Nilimwomba yule Mparakuyo atuonyeshe pale anapovushia, akatuonyesha kwa fimbo, hapa na hapa. Tukarudi darasani nikamwambia aandike. Dakika kumi, mstari mmoja: "Ng'ombe wanavuka kwenye mchanga." Nikamuuliza, kwa nini kwenye mchanga? Akanitazama kama anayetazama mgeni. "Si kwa sababu maji pale hayana nguvu?" Basi liandike hilo. Akaandika. Na mchanga ulifikaje pale? "Maji yakichoka yanatua mzigo." Liandike. Hapo nikamwambia kwamba huo mzigo ndio "load" ya kwenye kitabu, na kuutua ndiko wanakokuita "deposition". Alikaa kimya kidogo, akacheka, akasema: "Kumbe ni mambo ya kawaida." Kwake Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, nyumbani ni Kimaa. Tulipomaliza alikuwa na sentensi tano, mbili za Kiingereza, na zote zilikuwa zake. Kumpa mada hakukunishinda siku zote zile. Kumpa "kwa nini" ya pili na ya tatu ndiko nilikokuwa sikufanyi.

Usahihishaji ungeniua. Tulikuwa na wanafunzi sabini na kitu darasa moja, na mwaka 2016 ada ilipofutwa wakafika tisini na nne. Hakuna binadamu anayesahihisha madaftari tisini na nne kila siku na akabaki na adabu. Nikawa nachukua kumi na tano kwa kipindi, kwa zamu, na naangalia kitu kimoja tu nilichokitangaza mapema. Wiki hii naangalia kama kuna "kwa sababu". Wiki ijayo naangalia kama umetaja ulichokiona kwenye ramani. Makosa ya tahajia nayaona, nayaacha yapite. Hilo lilinichukua muda kulizoea, maana mkono wa mwalimu unawashwa.

Wenzangu walijiunga mmoja mmoja, wengine hawakujiunga mpaka leo. Wa kwanza alikuwa wa Hesabu, mtu asiyependa maneno mengi. Aliniita akanionyesha swali la mfanyabiashara aliyenunua mayai, mengine yakavunjika, akauza yaliyobaki, akapata hasara ya asilimia fulani. Wanafunzi wake walijumlisha namba zote zilizoonekana kwenye swali, wakapigia mistari miwili. "Hawa hawasomi, dada. Wanaokota namba." Akaanza kuwaletea maswali yaliyofutwa namba. Mfanyabiashara alinunua mayai kadhaa. Je, ni nini kimetokea? Nini kinatafutwa? Simulia kwanza. Namba anazirudisha kipindi kinakaribia kwisha. Mimi naona ni ubunifu mkubwa kuliko wangu.

Yule wa Kemia, aliyecheka siku ile pamoja nami, ndiye aliyenifundisha lile nililosema nitalionyesha. Alidhani Kiswahili kitamaliza matatizo yake, akaeleza asidi kwa Kiswahili kitupu. Darasa likaelewa vizuri kabisa kwamba asidi ya betri ni kali. Shida ni kwamba kuna asidi kali kwa asili yake, na kuna asidi kali kwa kuwa haijachanganywa na maji mengi. Kwenye Kemia hayo ni mambo mawili, ukiyachanganya unakosa swali, na katika Kiswahili chetu cha kila siku yote mawili ni "kali". Pilipili kali, jua kali, mbwa mkali, asidi kali. Kwa hiyo kila somo lina namna yake ya kusema, kwa lugha yoyote utakayotumia, na mwenye kuijua namna hiyo ni mwalimu wa somo. Wa Kiingereza hawezi kujua kwamba kwenye ripoti ya jaribio husemi "nilichemsha", unasema "ilichemshwa", na kwamba kuna sababu yake.

Tuliwahi kuitwa semina moja, mwezeshaji akatueleza kwamba Uingereza mwaka 1975 kamati iliyoongozwa na Bullock ilitaka kila shule iwe na mpango wa lugha kwa masomo yote. Mwenzangu wa Hesabu akaniinamia: "Na hapo ni Kiingereza chao cha kuzaliwa." Sikusikia kingine cha semina.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa mwalimu wa taaluma. Azimio langu la kazi lilikuwa nyuma kwa mada mbili, na kwa hilo alikuwa na haki. "Madam, wewe umeajiriwa wa Jiografia au wa Kiingereza?" Nilimletea taarifa za Baraza la Mitihani, zile za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotoka kila mwaka. Fungua ya somo lolote, mwaka wowote, hukosi kukuta watahiniwa walishindwa kuelewa matakwa ya swali. Walioambiwa waeleze wakataja. Walioambiwa walinganishe wakafafanua kimoja. Alizisoma, akazirudisha mezani kwangu, akasema: "Sawa, lakini malizia mada." Sikuzimalizia zote. Mwaka ule mada ya mwisho niliwapa kwa kukimbia, na swali lake lilitoka, na wanafunzi wangu walilikosa. Alama za F zilipungua kwa ujumla, D na C zikaongezeka. Siwezi kuapa kwamba ni sentensi tatu zilizofanya hivyo. Mwaka huohuo shule ilipata solar na watoto wakawa wanasoma usiku.

Binti wa dawati la tatu alichukua muda mrefu kuliko wote. Nilimwomba msamaha, huyo nilimwomba. Kila siku wakati wa chai nilimpa kipande kifupi cha Kiswahili asome, baadaye cha Jiografia, kisha sentensi zake tatu. Mwanzoni alikuwa ananiletea sentensi za kitabuni, zimeandikwa vizuri kupita kiasi. Nilizikataa. Nilimwambia akikosea akate kwa mstari mmoja, asirudie ukurasa. Lilimtesa hilo kuliko kusoma kwenyewe. Mwandiko ukaanza kulala, herufi zikagongana, mishale ikatoka aya moja kwenda nyingine, pembeni kumejaa maswali.

Alipofika kidato cha tatu tukatangaziwa ukaguzi. Mwalimu wa taaluma akakusanya madaftari ya kuonyesha. Kwa mazoea akaanza na la binti yule, akalifungua, akageuza kurasa tatu nne.

"Huyu amepatwa na nini? Si ndiye alikuwa wa mfano?"

"Ndiye."

Akalisukuma chini kabisa ya rundo. Saa nane mchana binti akaja ofisini, akapiga hodi, akatuamkia wote, akaomba daftari lake. Taaluma akamwambia asubiri wageni waondoke.

"Nitalirudisha, mwalimu. Kuna kitu sijamaliza kuandika."